Kijiti cha Kioo Juu ya Ufa

Nilitoka Arusha hadi Mwanza nimekumbatia blanketi. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya kioo vya rangi mbalimbali, nilivyovivuta mwenyewe kwenye karakana nilimokuwa nimeajiriwa, na kondakta aliniambia mara mbili niviweke chini kwenye buti pamoja na mizigo ya wenzangu. Mara zote mbili nilikataa. Mara ya tatu alinicheka tu. "Mzee, huyo mtoto wako halii?"

Halii, lakini ana sauti. Mtu aliyefanya kazi ya vioo anaijua sauti hiyo hata usingizini: tik. Ni ndogo kuliko mlio wa kidole mtu anapokikunja. Ukiisikia, kuna kitu kimekatika ndani, na hata kama kwa nje bado kinang'aa, kimeshakufa. Kutoka Babati hadi Singida, kutoka Singida hadi Nzega, kila gari liliporuka tuta niliinamisha kichwa kwenye blanketi nikasikiliza. Abiria wa jirani yangu alihamia kiti cha nyuma. Nadhani aliniona mgonjwa.

Nimeishi miji mingi. Kila mji niliuacha nikidhani nimeuchoka, na baada ya muda mfupi nikaanza kuukumbuka mpaka nikakosa raha mahali nilipo. Mwanza ilikuwa tofauti. Sikuwahi kuichoka, kwa sababu niliondolewa nikiwa mtoto, baba alipohamishwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nilichobaki nacho ni mawe. Mawe makubwa yaliyopandana juu ya nyumba kana kwamba kuna mtu aliyapanga kisha akaitwa akaondoka bila kumaliza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiyaogopa. Kisha nikaenda mbali, nikasahau kuyaogopa, nikabaki nayapenda.

Tulipopita Shinyanga jua lilikuwa linazama, na gari lilipoingia Mwanza taa za milimani zilikuwa zimewaka. Nilifungua blanketi kwenye chumba cha gesti. Hakuna kijiti kilichokatika. Nikaichukulia hiyo kuwa dalili njema.

*

Nilichokitafuta kilikuwa kidogo: chumba, na utulivu ndani yake. Nilikuwa nimechoka kufanya kazi kwenye karakana ya watu, ambako watalii walisimama mgongoni kwako wakikupiga picha. Nilitaka kutengeneza shanga peke yangu. Kazi yenyewe ni hii: unawasha mwali wa gesi, unayeyusha ncha ya kijiti cha kioo, unaizungushia kwenye waya, na unaendelea kuuzungusha huo waya bila kusimama hadi shanga iwe duara. Ukisita, inalegea upande mmoja. Ukiinua macho, inadondoka au inakuunguza. Ikikamilika inaingia kwenye tanuru dogo la mkaa, ipoe polepole kutwa nzima. Ikipoa haraka, tik.

Kazi ya namna hiyo haipatani na hodi. Kwetu mtu akipiga hodi unaitikia, na ukishaitikia unatoka, na ukishatoka mnasalimiana habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kumwacha mtu mlangoni wakati upo ndani si ustaarabu. Pale Mkuyuni nilipopanga kwanza, karibu na soko, nilijaribu kuitikia bila kutoka. Siku chache baadaye jirani mmoja aliniuliza, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama humo ndani nafuga joka. Alikuwa anatania. Lakini watu wawili waliokuwa naye hawakucheka, na hilo lilinitia baridi. Mtu mgeni, mwenye moto, anayefunga mlango mchana. Nilihama kabla maneno hayajakua.

Ndipo nikapata chumba Mabatini, juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo hata muuza maji alipumzika mara tatu kabla ya kufika. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja wa Kisukuma, mjane, mwili mkubwa na mikono iliyokomaa kama ya fundi seremala. Alikuwa amewasomesha watoto wake kwa kuvunja kokoto. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vilivyoshikana, chake na hicho changu, na nyuma ya vyote viwili lilisimama jiwe kubwa, limeinama kidogo juu ya bati kama mtu anayesoma gazeti la mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo mzigo ni wa nini?"

"Vioo. Natengeneza shanga, kwa moto wa gesi."

Aliutazama mtungi, akanitazama mimi. "Gesi hiyo ikilipuka je?"

"Haitalipuka, mama."

"Kila kilicholipuka, mwenyewe alisema hakitalipuka." Lakini alikuwa akicheka. Alinizungusha nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro kati ya ukuta na jiwe, akapiga jiwe kwa kiganja. "Tanuru lako jenga hapa, liegemee hapa. Ukuta unaweza kushika moto. Jiwe haliungui."

Niliona ni busara. Mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo. Nani ana nafasi ya kujenga ukuta wakati Mungu amekujengea? Majiko yaliegemezwa kwenye mawe, nguo zilianikwa juu ya mawe, dagaa pia. Moto wa ugali unawaka saa moja, jiwe linapata masizi, basi. Nilinunua matofali, nikajenga tanuru langu, na mgongo wa tanuru ukawa ni jiwe lenyewe.

*

Siku za kazi hazikunifaa. Chini yetu kulikuwa na wavunja kokoto, na nyundo zao zilianza jua likichomoza. Kila pigo liliingia mkononi mwangu. Nilikuwa nikivuta pumzi katikati ya mapigo, kama mtu anayevuka barabara, na shanga zangu zote zilitoka na nundu. Mmoja wa wavunja kokoto hao, mwanamume mcheshi asiyepita bila kunirushia neno, alizitazama. "Ng'osha," akaniita kama wanaume wa Kisukuma wanavyoitana, "hizi shanga au karanga?" Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Ikabaki Jumapili. Jumapili asubuhi mtaa ulimwagika wote kuteremka makanisani, mama naye akiwa mbele na kiti chake kidogo cha kukunja, kwa sababu misa ya pili hujaa. Nyundo zilinyamaza. Redio zilinyamaza. Nilifungua mlango wangu wazi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kupiga hodi, nikawasha moto, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nikasikia mwali unavyopumua. Kwa mbali chini niliona kipande cha ziwa, cheupe. Shanga ya kwanza ilitoka duara. Ya pili pia. Nilitaka kulia.

Jumapili ya tatu au ya nne, katikati ya utulivu huo, nikasikia: tik.

Nilizima mwali, nikangoja tanuru lipoe hadi jioni, nikatoa shanga moja moja, nikazielekeza kwenye mwanga. Zote zilikuwa nzima.

Jumapili iliyofuata, tik. Shanga zote nzima. Iliyofuata tena, tik, halafu kimya kirefu, halafu tik. Kama si kioo, ni nini? Nilitoka nikaingia kwenye kichochoro, nikaweka kiganja juu ya jiwe kando ya tanuru. Lilikuwa la moto. Nikapandisha mkono hadi usawa wa kichwa changu. Bado lilikuwa la moto. Nikasimama juu ya tofali nikanyoosha mkono hadi usawa wa bati la chumba cha mama, na pale palikuwa na uvuguvugu, kama ubavu wa ng'ombe.

Kila mtu pale mtaani anajua jinsi jiwe linavyopasuliwa. Wanarundika kuni na matairi juu yake, wanaliacha liive, kisha wanalimwagia maji. Nilikuwa nimewaona wakifanya hivyo mteremko mzima wa chini, moshi mweusi ukipanda. Nilikuwa nimemwona mama mwenyewe akiwaelekeza vijana waelekeze moto wapi. Na hata hivyo, yeye na mimi, tuliwasha moto kwenye jiwe lililoinama juu ya kitanda chake, kwa sababu tulikuwa tunawaza ukuta.

Nilijiambia ni moto mdogo. Nilijiambia nitamwambia mama nikiwa na uhakika. Nilipunguza mkaa. Lakini tangu siku hiyo utulivu wangu uliharibika. Wiki nzima niliungoja, na ulipofika niliuogopa, kwa kuwa ni ndani yake tu nilipoweza kulisikia jiwe.

*

Jumapili moja mama hakwenda kanisani. Mguu ulimsumbua. Alilala chumbani kwake, nikamsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta. Tanuru lilikuwa linawaka tangu alfajiri. Sikuwa nimetazama nje hadi mwanga ulipobadilika, ndipo nikaona kipande changu cha ziwa hakipo. Wingu lilikuwa limekalia maji, jeusi, na lilikuwa linakuja.

Nilikimbia kwenye kichochoro nikiwa na kipande cha bati, nikajaribu kuliziba jiwe juu ya tanuru. Nilichelewa. Matone ya kwanza yalipogusa jiwe yaligeuka mvuke kabla hayajateremka. Kisha maji yakaanza kushuka kutoka juu yote kwa pamoja, na tanuru likapiga kelele kama chuma cha mhunzi. Sikusikia tik. Nilisikia mlio kama ubao mpana unaopigwa sakafuni.

Kabla sijageuka mama alikuwa ameshanishika kola. Sijui mguu wake aliuacha wapi. "Toka! Toka hapa!" Alinivuta mpaka kwenye mwamba tambarare mbele ya nyumba, tukasimama kwenye mvua, yeye na kanga moja, mimi na miwani yangu ya kazi usoni. Alikuwa amekodoa macho juu ya bati. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikujua kama ni sala au anahesabu.

Jiwe halikuanguka.

Mvua ilipopungua tulikwenda kutazama. Ufa ulianzia nyuma ya tanuru ukapanda, mwembamba kama unywele, ukapita juu ya dirisha langu, ukapinda kuelekea upande wa chumba chake, ukapotelea juu. Mama aliufuata kwa kidole mpaka mkono ulipogota.

"Nimepasua mawe ya watu maisha yangu yote," akasema taratibu. "La kwangu sikuwahi kuliwaza."

"Mama, mkosaji ni mimi."

"Nani alikuonyesha pa kujenga?" Akasogeza tofali kwa mguu. "Nyamaza. Tulikuwa wawili."

Shanga nilizikumbuka jioni. Zote zilikuwa mchanga.

*

Zamani, katika mji mmoja nilioishi, niliona mwashi akiweka kipande cha kioo juu ya ufa wa ukuta, kimeshikwa na saruji pande zote mbili. Kioo hakijui kuvutika. Ukuta ukitembea hata kidogo, kinakatika, na wewe unajua. Nilichagua kijiti cha bluu, nikakivuta kwenye moto hadi kikawa chembamba kama bua la nyasi, nikakipachika juu ya ufa kwa saruji, usawa wa macho yangu.

Mama alinitazama nikifanya kazi. "Sasa hicho kinatusaidia nini?"

"Kikikatika, ujue jiwe limetembea."

"Na kisipokatika?"

"Limelala."

"Haya. Likilala na mimi nitalala."

Na kweli alilala. Mimi ndiye sikulala. Nilibomoa tanuru. Nilimwomba ahamie kwa binti yake, kule Kisesa kwenye njia ya Musoma, akasema ataangalia. Jumapili zilifika, watu wakateremka makanisani, mtaa ukawa kimya kama nilivyouomba siku zote, na mimi nilikaa kwenye kigoda ndani ya kichochoro mbele ya kijiti cha kioo, mikono magotini. Mara moja nilijaribu kuwasha mwali. Mkono ulizunguka mara mbili, sikio likaenda ukutani, shanga ikadondoka. Sikujaribu tena.

Kilikatika siku ya kazi, katikati ya nyundo zote, na hakuna aliyesikia. Nilikwenda kukitazama kabla ya chai, kama nilivyofanya kila asubuhi, nikakuta vipande viwili vinatazamana. Katikati yake ukucha wangu uliingia.

Binti wa mama alikuja mchana huohuo, mwanamke wa rika langu, mwenye duka la vyakula kule Kisesa. Aliutazama ufa, akaingia chumbani kwa mama yake, akaanza kukunja nguo. Mama alizikunjua.

"Mama, twende."

"Nimwache mgeni wangu chini ya jiwe, mimi nikalale pazuri kwako? Niwe mtu wa namna gani?"

"Kaka ni mtu mzima! Atajitafutia pengine."

"Nitaondoka, mama," nikasema. "Tangulia. Nitafunga nyumba nikuletee ufunguo."

Alinigeukia kana kwamba nimemtukana. "Mgeni ndiye afunge mlango wa mwenyeji? Umeliona wapi hilo?"

"Basi natangulia mimi."

"Tangulia." Alikaa kitandani, chini ya jiwe lake, akakunja mikono. "Mimi nitakaa kidogo, nipange vitu vyangu."

Binti aliniangalia, na wote wawili tulielewa. Nikiondoka, angekaa. Alikuwa na kila sababu ya kukaa: hapo aliolewa, hapo alizika mume, hapo alivunja jiwe kwa jiwe ada za shule. Uwepo wangu ulikuwa sababu mojawapo tu, ile ya adabu, na nikiiondoa zitabaki zile nyingine. Na nisipoondoka, tungelala wote wawili tukiwa tunangojana. Masika yalikuwa mlangoni.

Usiku ule niliamua. Niliogopa kuondoka, kwa sababu sikuwa na mji mwingine niliobakiza kuukumbuka. Niliogopa zaidi kubaki.

*

Niliondoka Jumapili, saa ya misa. Nilivifunga vijiti vyangu kwenye lile blanketi, mtungi wa gesi nikamwachia yule mvunja kokoto mcheshi. Alinipa mkono akakosa neno la kunitania, jambo lililonitisha kuliko ufa.

Mama alikuwa amejiandaa kunisindikiza. Hakuna mgeni aliyewahi kutoka nyumbani kwake bila kusindikizwa, na yeye alikuwa mtu wa kusindikiza mbali, mpaka mgeni mwenyewe aseme inatosha. Nilijua hivyo. Kikapu alikuwa nacho mkononi.

Tuliteremka ngazi za mawe polepole kwa ajili ya mguu wake. Chini barabarani alisimama. "Haya, mwanangu. Mungu akutangulie."

"Mama, naelekea njia ya Musoma," nikasema. "Nisindikize hadi Kisesa."

Alihamishia kikapu mkono wa pili. Magari yalipita. Nilihisi moyo unapiga kwenye blanketi, nikaogopa angesikia vioo vinagongana.

"Mgeni gani anayesindikizwa na gari?"

"Mgeni wako mimi. Sijasema inatosha."

Alicheka kidogo, bila sauti. "Umeanza lini ujanja?" Hakusema ndiyo. Gari liliposimama nilinyoosha mkono nimpokee kikapu apande, na nusura kinidondoke. Kilikuwa kizito kupita kiasi. Nguo za kubadilisha zilikuwa juu, na chini yake, ndani ya kitenge kilichofungwa mafundo mawili, nilihisi mpini na kichwa cha chuma. Ilikuwa nyundo yake ya kokoto.

Nilikipakata pamoja na blanketi. Naye alitazama dirishani, upande wa ziwa, hadi mji ulipoisha.

Kisesa binti yake alikuwa amesimama mbele ya duka, kanga kaifunga kifuani kama mtu aliyengoja tangu asubuhi. Mama alimpita bila salamu, akaingia uani, akafungua kitenge, akaiegemeza nyundo karibu na mlango wa chumba alichoandaliwa. Kisha akarudi hadi barabarani kunisindikiza tena, kwa sababu sasa alikuwa mwenyeji wa hapa, na mimi nilikuwa bado mgeni.

"Inatosha, mama," nikasema.

"Inatosha?"

"Inatosha."

Gari la Musoma lilinichukua mbele ya duka. Nilikaa dirishani na blanketi langu mapajani. Nyuma yetu, juu ya ziwa, wingu lilikuwa limeanza kukaa, na nilisikiliza njia nzima, ingawa tulikuwa tumeshafika mbali na hakuna sikio ambalo lingeweza kulisikia jiwe kutoka pale.